Wembe wa Pili Uwe Ule Ule

Ushauri ni mmoja kila unakogeuka. Kijana akishapata wembe wake wa kwanza wa kukunja, akaweza kujinyoa mashavu bila damu, huambiwa apande ngazi: wa pili uwe mpana zaidi, mzito zaidi, wenye jina la kiwanda kikubwa, na uwe wa chuma cha kaboni, kwa kuwa ati hicho ndicho chuma chenyewe. Ushauri huu umetungwa Ulaya na Marekani na unatufikia kwenye simu zetu hapa Matsangoni, barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikiwa mbele yetu na bahari ikiwa nyuma ya minazi. Nasema ni ushauri mbaya. Ni mbaya kwa anayeanza popote alipo, na kwa anayeanza akiwa katika pwani hii ubaya wake ni maradufu.

Hoja yangu ni fupi. Wembe wa pili uwe na umbo lile lile la wa kwanza: upana ule ule, ubavu ule ule, ncha ile ile. Kibadilike kitu kimoja tu, nacho ni chuma, ambacho kiwe kile kisichoshika kutu. Mengine yote yanayosifiwa, mpini wa pembe, jina la Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, lililochorwa kwa dhahabu, upana wa inchi nzima, yangoje.

Niseme kwanza ni wembe gani ninaouzungumzia, nisije nikaeleweka vibaya na vinyozi wetu. Siuzungumzii wembe wa Nacet au Topaz unaovunjwa katikati na kutiwa kwenye kishikio. Huo ni wembe wa kibandani, wa kunyolea watu, na pale kibandani ndipo mahali pake. Kinyozi anayenyoa wateja lazima afungue wembe mpya kwa kila mtu, mteja akiona kwa macho yake, kwa sababu virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B hupita hata katika damu usiyoiona. Wembe wa kukunja wenye makali ya kudumu ni wa mtu mmoja na uso mmoja. Hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mtoto anayenyolewa nywele za akika siku ya saba naye anastahili wembe mpya wa pakiti, wala si wembe wa babu, uwe umenolewa namna gani.

Sasa tuje kwa huyu anayejinyoa mwenyewe. Wiki za kwanza mambo huenda vizuri, maana wembe ulimfikia umeshanolewa na mtu anayejua. Kisha siku moja unaanza kuvuta. Ndevu hazikatiki, zinang'olewa. Ngozi inawaka. Hapo kijana hujiuliza swali ambalo wembe mmoja hauwezi kulijibu hata kidogo: ni mkono wangu, au ni makali?

Sababu zinaweza kuwa nyingi. Huenda ameulaza wembe mno au ameusimamisha mno. Huenda hakulowesha ndevu vya kutosha. Huenda, na hili ndilo la kawaida kwa wanaoanza, ameyaharibu makali kwenye mkanda wa ngozi, kwa kuukandamiza wembe au kwa kuugeuza juu ya makali badala ya juu ya mgongo. Lakini hana njia ya kujua. Basi hubahatisha. Hukaza mkono, na kukaza mkono ndiko kunakokata watu. Au hukimbilia jiwe la kunolea na kumaliza makali ambayo pengine yalikuwa mazima. Nimeona nyembe nzuri zikiishia kabatini kwa njia hiyo, na mwenyewe akirudi kwenye wembe wa kutupa akiamini kwamba mkono wake haukuumbwa kwa kazi hii.

Wembe wa pili ndio unaomtoa kwenye giza hilo. Unanolewa na mjuzi kabla haujamfikia, na yeye hauguzi kwenye jiwe. Siku wembe wa kwanza ukianza kuvuta, anajinyoa shavu la kushoto kwa ule wa kwanza na la kulia kwa wa pili. Ukivuta mmoja tu, tatizo ni makali. Zikivuta zote mbili, tatizo ni mkono, au povu, au maji. Jibu analipata asubuhi ile ile, usoni pake mwenyewe.

Lakini ushahidi huo hausimami kama nyembe mbili hazifanani. Hapa ndipo ushauri wa "nunua mkubwa zaidi" unapoporomoka. Mtu aliyejifunza kwa wembe wa inchi 5/8, yaani milimita 16 hivi, wenye ubavu uliobonyea na ncha ya mviringo, akichukua wembe wa inchi 7/8 wenye ubavu mnene kama kabari, kila kitu kinabadilika mkononi. Uzito ni mwingine. Sauti ya wembe juu ya ndevu ni nyingine, na sauti hiyo ndiyo mwalimu wa anayeanza, kwa kuwa ubavu mwembamba huimba na ubavu mnene hunyamaza. Upana unamziba asione anapopita chini ya pua. Akijikata, hajui alaumu nini. Amenunua somo jipya kabla hajamaliza la kwanza.

Hata jiweni tofauti hiyo inamwadhibu. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelala: mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa wembe ndio unaoshika pembe. Ni usanifu wa akili sana, kwa sababu anayenoa hahitaji kubuni pembe kwa mkono. Nyembe mbili za umbo moja zinamfundisha mwendo mmoja wa mkono. Za maumbo mawili zinamfundisha mienendo miwili, na ile ya kabari inadai kuondoa chuma kingi zaidi kabla makali hayajakutana.

Watetezi wa jina kubwa hunijibu kwa historia, na historia yao ni ya kweli. Sheffield ya Uingereza ilipata chuma chake bora baada ya Benjamin Huntsman kuanza kukiyeyusha katika vyungu miaka ya 1740. Solingen imekuwa mji wa visu kwa karne nyingi, na alama ya mapacha ya Zwilling ilisajiliwa huko mwaka 1731. Thiers ya Ufaransa ina mafundi wake hadi leo. Naziheshimu sifa hizo. Ila jina lililo kwenye mkia wa wembe halikuambii wembe huo umepitia mikono ya nani katika miaka 100. Wembe mkongwe wa Sheffield unaweza kuwa na mgongo uliolika upande mmoja, makali yaliyopinda, na vishimo vya kutu vilivyosuguliwa hadi vikang'aa na kujificha. Fundi mzoefu huuona ugonjwa huo na kuuponya. Anayeanza huona dhahabu na pembe tu.

Na hapa kwetu atampelekea nani? Mafundi wa kunoa tulio nao ni wale wanaopita vijijini na baiskeli, wanasimamisha gurudumu la nyuma na kuzungusha jiwe kwa kanyagio. Ni watu wa maana kwa panga na kisu cha jikoni. Ila wembe wa kunyolea ukigusa jiwe lile umekufa. Chuma cha wembe hukazwa kwa moto, kisha hulegezwa kidogo kwa joto la nyuzi 200 hivi ili kisivunjike. Ukingo wake ni mwembamba kiasi kwamba msuguano wa jiwe linalozunguka unaupitisha joto hilo mara moja, na ugumu hauurudii tena. Kwa hiyo anayeanza Matsangoni atanoa mwenyewe, kwa mawe bapa na kwa maji, ama atautuma wembe mbali. Huyo si mtu wa kuongezewa kigeugeu cha pili.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kutu.

Anayeshauri chuma cha kaboni kwa kila mtu hajaishi kati ya bahari na hori la Mida. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma mwezi wa Aprili na mvua za masika zikafika, na Mei ndiyo kilele chake, hakuna kinachokauka. Mabati hula kutu, bawaba za milango hula kutu, chumvi ya mezani huganda kwenye kikopo. Hewa hiyo imebeba chumvi, na chumvi ndiyo inayokipa chuma na unyevu nafasi ya kufanya kazi yao haraka. Ukiuacha wembe wa kaboni bafuni usiku mmoja bila kuufuta, asubuhi hutaona kitu. Hilo ndilo la hatari, kwamba huoni kitu.

Tazama vipimo. Unywele wa ndevu una unene wa mikroni 100 hivi, na wakati mwingine zaidi. Makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafiki mikroni moja. Doa la kutu ambalo jicho haliwezi kuliona ni shimo kubwa kwa makali ya namna hiyo. Kijana atasema wembe wake umekuwa butu kwa kunyolea, kumbe umekuwa butu ukiwa umelala. Ataunoa, utapona, ataulaza tena, utaharibika tena. Mwisho mgongo umelika na wembe umepungua upana, na ndevu hazikuhusika. Mgema wa huku hakwei mnazi na kotama yenye kutu, na kotama ina unene ambao wembe hauna.

Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hujitandaza juu yake kama utando mwembamba usiopitisha hewa. Si kwamba hakiharibiki kabisa. Chumvi ikikaa juu yake kwa muda mrefu nacho hutoboka. Lakini kinakupa nafasi. Ukisahau kukifuta siku moja, kinakusamehe.

Wapinzani wangu wana majibu mawili hapa, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza husema chuma hicho ni kigumu kunoa. Ni kweli kwamba kinataka mipito mingi zaidi jiweni. Lakini wembe hauendi jiweni kila wiki. Ukitunzwa kwenye mkanda wa ngozi hukaa miezi. Kwa nini nichague chuma kwa urahisi wa kazi ninayoifanya mara chache, nikasahau adui anayekuja kila usiku? Solingen yenyewe ilishalitatua jambo hili zamani: mwaka 1939 kampuni ya Zwilling J. A. Henckels ilileta chuma cha Friodur, kisichoshika kutu na kilichokazwa kwa baridi kali, na nyembe zilizotengenezwa kwa chuma hicho zinatafutwa hadi leo na watu wanaojua kunoa. Dovo, kampuni ya mji huo huo iliyoanza mwaka 1906, nayo ilitoa wembe uitwao Inox. Hakuna aliyezibandika nyembe hizo jina la vitu vya kuchezea.

La pili ni la kisomi zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Gianluca Roscioli na Cem Tasan pamoja na wenzao, walionyesha katika jarida la Science kwamba unywele, ambao ni laini mara 50 kuliko chuma, huweza kuumega ukingo wa wembe mahali ambapo muundo wa chuma haulingani. Walichunguza nyembe za kutupa, ambazo ni za chuma kisichoshika kutu, basi watu wakaruka na kusema: mnaona, chuma hicho humegeka. Utafiti huo haukusema kaboni ni bora. Ulisema kwamba unywele unapokutana na ukingo kwa pembe fulani, mahali penye udhaifu, ukingo humegeka. Funzo lake kwa anayejinyoa nyumbani ni la upande mwingine kabisa: laza wembe, usikandamize, na loweka ndevu kwa maji ya moto hadi zilainike. Hayo yatayalinda makali yako kuliko jina lolote la chuma.

Wapo watakaoniambia: kama nyembe hizo zina chuma tofauti, huo mfano wako wa mashavu mawili unasimamaje? Unasimama, kwa sababu nyembe mbili zilizonolewa vizuri, za umbo moja, hunyoa kwa namna inayokaribiana sana kiasi kwamba uso wa anayeanza hauwezi kuzitenganisha kwa chuma. Uso wake utatambua makali yaliyovunjika. Na hicho ndicho anachokitafuta.

Kuna sababu nyingine ya kuukataa wembe mpana unaosifiwa kwa kukata karibu kabisa na ngozi, na mafundisho yanayotoka nje hayaitaji kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili yetu. Ndevu za wengi wetu zimejikunja. Mafundisho hayo humwambia mtu avute ngozi kwa nguvu, apite mara tatu: kufuata ndevu, kukata upande, kisha kinyume. Unywele uliojikunja ukikatwa ngozi ikiwa imevutwa, ncha yake hurudi chini ya ngozi, hukua kwa kujipinda na kuichoma kutoka ndani. Hivyo ndivyo vipele vya shingoni vinavyowasumbua vijana wetu, vingine vikiacha makovu meusi. Mtu wa ndevu za namna hii anahitaji kupita mara moja, kwa kufuata ndevu, kwa mkono mwepesi, na kuridhika na shavu lisilong'aa. Wembe wa inchi 5/8 wenye ncha ya mviringo unaifanya kazi hiyo kikamilifu. Kumuuzia kijana wa vipele wembe mpana kwa sababu "unakata karibu" ni kumuuzia maumivu.

Nimeulizwa pia kuhusu ncha ya mraba, kwa sababu vijana wanaofuga ndevu hutaka mstari ulionyooka shavuni. Naielewa haja hiyo. Lakini ncha ya mraba huchanja sikio na pembe ya mdomo kabla mwenyewe hajajua. Ncha ya mviringo huchora mstari ukiwa na subira, na mwenye haraka aupeleke mstari wake kwa kinyozi.

Upande wa pili wapo wanaosema wembe wa pili hauhitajiki kabisa, mtu aumudu wa kwanza kwanza. Hawa nawaheshimu zaidi kuliko wale wa "kubwa zaidi", kwa kuwa nia yao ni kumzuia kijana asipoteze pesa. Ila wanamtaka aumudu wembe ambao hana njia ya kuupima. Wengine husema wembe wa kutupa umeshamaliza mjadala wote. Kwamba umeshinda sokoni sibishi: King C. Gillette aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu mwaka 1903, na mwaka uliofuata nyembe zikapita 120,000. Anayeridhika nao aendelee nao kwa amani. Mimi nazungumza na aliyekwisha kuchagua njia nyingine, na huyo ana haki ya kupewa ushauri unaomfaa.

Basi afanye nini dukani? Kwanza apime wembe alio nao: upana kwa rula, na umbo la ncha kwa macho. Atafute wa namna hiyo hiyo, wa chuma kisichoshika kutu, mpya au uliotumika. Ukiwa umetumika, aombe picha ya makali yakitazamwa kutoka mbele, na ya mgongo kutoka juu, aone kama umelika sawasawa pande zote mbili. Aulize jambo moja ambalo wauzaji wengi hulikwepa: nani ameunoa, na kwa jiwe la mwisho la namba gani? Kiwandani nyembe nyingi hutoka zikiwa hazijafikia makali ya kunyolea uso. Aliyemalizia kwenye jiwe la 8000 au 12000 hatasita kusema.

Asipopata cha kutoshika kutu, achukue cha kaboni chenye umbo lile lile, na akilinde kama anavyolinda simu yake na maji. Akifute kwa kitambaa kikavu hadi ndani ya maungio ya mpini, akiache wazi kipigwe na hewa chumbani, kamwe si bafuni, kisha akipake tone la mafuta ya cherehani. Wazee watamwambia atumie mafuta ya nazi. Namsihi asifanye hivyo: mafuta tunayokamua nyumbani huweza kubaki na maji ndani yake, na yakikaa huganda na kunata. Vile vijifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, avitie katika kisanduku cha wembe. Na ala ya ngozi, hata ikiwa nzuri vipi, hunywa unyevu na kuukumbatiza kwenye chuma. Wembe usilale humo.

Mtoto akililia wembe, wazee wetu walisema, mpe. Sina ugomvi na kumpa. Ugomvi wangu ni na wanaompa ule wa kumwangusha kisha wakasema hakuwa na mkono. Nawe uliye Muscat, Dubai au Bristol, unayekusudia kumletea mdogo wako wa Matsangoni wembe wa pili kwa zawadi, usinunue kwa jina wala kwa ukubwa. Mpigie simu kwanza, umwambie aupime ule alio nao, kisha umletee mwenzake wa chuma kisichoshika kutu, ukiwa umenolewa tayari.